Michoro Minne Yatosha: Nasaha kwa Wanaousanifu Mfumo kwa UML

Wasomaji wengi, hasa vijana walio katika mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta na wale waliokwisha kuajiriwa katika ofisi ndogo za kutengeneza programu, wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: katika michoro yote ya UML, ile lugha ya kuchorea usanifu wa programu, ni ipi iliyo ya lazima, ni ipi iliyo ya hiari, na kazi ianzwe na upi? Wengine huuliza kwa hofu, kwa sababu msimamizi wa mradi amewaamuru walete michoro yote pasipo kubakiza. Wengine huuliza kwa shaka, kwa sababu wamesikia kwamba mafundi hodari wa zama hizi hawachori hata kidogo. Maadamu swali halikomi, nimeona ni wajibu nilijibu kwa urefu, nami jibu langu nitalitegemeza juu ya mfumo mmoja ambao wengi wetu tunaujua kwa karibu, yaani mfumo wa chama cha akiba na mikopo, ili kila nasaha ipate mahali pa kukanyaga.

Kwa ufupi ni hivi: aghalabu michoro minne yatosha, na katika hiyo minne, wenye faida kubwa ni ule unaokulazimu uinuke ukamwulize mwenye kazi jambo ambalo hukujua kuwa hulijui. Mchoro usiozaa swali hata moja umechorwa bure, hata ukiwa mzuri wa kutazamwa.

Asili yake, kwa maneno machache

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 kila bingwa wa usanifu alikuwa na alama zake. Grady Booch alichora klasi kwa umbo la wingu, James Rumbaugh aliichora kwa mstatili, na Ivar Jacobson, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya simu ya Ericsson huko Uswidi, alianza kila mfumo kwa kuuliza nani atautumia na kwa haja gani. Rumbaugh alijiunga na Booch katika kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akafuata mwaka 1995, na mnamo Novemba 1997 shirika la OMG likaipitisha UML kuwa kanuni ya wote. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2005, na lile la 2.5.1 likatoka Desemba 2017.

Nimeyataja haya kwa sababu moja tu. Lugha hii ilizaliwa kwa suluhu ya watu wengi, na kila aliyeketi katika baraza lake alitaka haja yake itiwe humo. Ndiyo maana leo ina aina 14 za michoro, saba za umbile na saba za mwenendo, nayo ina mengi kuliko haja ya mradi wowote mmoja. Anayedhani kwamba ni sharti azitumie zote anaiona karamu iliyoandaliwa kwa watu mia kuwa ni sahani yake peke yake.

Minne ya kushika

- Mchoro wa matumizi, unaoonyesha nani anaujia mfumo na anataka nini.
- Mchoro wa klasi, unaoonyesha vitu vilivyomo na uhusiano wake.
- Mchoro wa hali, unaoonyesha maisha ya kitu kimoja tangu kuzaliwa hadi kufungwa.
- Mchoro wa mfuatano, unaoonyesha nani anamwambia nani nini, na kwa utaratibu gani.

Mchoro wa shughuli uongezwe pale ambapo kazi moja hupita mikononi mwa watu wengi, na mchoro wa usambazaji pale ambapo mfumo umekaa juu ya mashine zaidi ya moja au matawi zaidi ya moja. Iliyosalia ina wenyewe, mathalan mchoro wa wakati, ambao huwafaa sana wanaoandika programu za mitambo. Lakini mwenye kuuandikia chama mfumo wa mikopo aweza kumaliza kazi yake salama pasipo kuigusa.

Juu ya mchoro wa matumizi sitakawia, maana ni mwepesi: vijitu vya vijiti pembeni, mayai katikati, na mistari baina yao. Hadhari yake ni moja. Usiandike ndani ya yai "kuingia kwenye mfumo" wala "kubofya kitufe cha kuhifadhi", kwa kuwa hakuna mwanachama aliyetoka nyumbani kwake ili aje aingie kwenye mfumo. Ametoka ili aombe mkopo, alipe rejesho, au ajue akiba yake imefika wapi. Hayo ndiyo matumizi, na yakizidi kumi na tano katika chama cha kiasi, yamkini umeanza kuhesabu vitufe.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi

Wengi hufungua kompyuta siku ya kwanza na kuanza kuburuta mistatili. Nawasihi wasifanye hivyo, bali waende kwa hatua hizi:

1. Keti na karani, na mweka hazina, na mwenyekiti wa kamati ya mikopo, kila mmoja kwa wakati wake, kwa maana wakiwa pamoja mdogo atanyamaza mbele ya mkubwa, na aghalabu karani ndiye ajuaye kazi inavyokwenda kweli.
2. Omba kuonyeshwa karatasi zao: fomu ya kuomba mkopo, daftari la marejesho, kitabu cha hisa, risiti. Kila mahali palipoongezwa kitu kwa kalamu pembeni mwa fomu pana kanuni ambayo aliyeichapa fomu hiyo hakuijua.
3. Andika majina ya vitu kama wao wanavyoyatamka. Wakisema "rejesho", klasi yako iitwe Rejesho. Usiibadilishe kuwa "malipo", kwa sababu malipo kwao yaweza kuwa ya hisa, ya kiingilio au ya faini.
4. Chukua kadi tupu, moja kwa kila jina, kwa njia waliyoieneza Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1989: juu andika jina, kushoto andika wajibu wake, kulia andika wenzake wanaomsaidia kuutimiza.
5. Gawa kadi kwa wenzako mezani, kisha uufuate mkopo mmoja tangu kuombwa hadi kulipwa senti ya mwisho, na kila mwenye kadi aseme kwa sauti anachofanya zamu yake ifikapo.

Katika hatua ya tano utaona kadi moja haikusemeshwa hata mara moja, nayo itupwe. Na utaona nyingine inasema kila wakati, nayo igawanywe. Tazama kwa makini hasa kadi yenye jina kama Msimamizi wa Mikopo au Mchakataji. Jina la namna hiyo huficha uvivu wa kufikiri, kwa kuwa kila wajibu uliokosa mwenyewe hutupwa humo, na mwaka mmoja baadaye klasi hiyo imekuwa na mistari elfu tatu ambayo hakuna fundi anayethubutu kuigusa.

Mchoro wa klasi: mahali pa kukaa sana

Klasi huchorwa kwa mstatili wenye vyumba vitatu: jina, sifa, na matendo. Katika duru ya kwanza weka jina na sifa tatu au nne tu, na nguvu zako zote uzielekeze katika mistari na katika tarakimu zinazoandikwa kwenye ncha za mistari, yaani 1, 0..1, 1..* na 0..*. Watu huziandika tarakimu hizi kwa kubahatisha, ilhali kila moja ni kanuni ya chama.

Tuseme umechora Mwanachama upande mmoja na Mkopo upande wa pili, nawe uko mbele ya mweka hazina, mama mtu mzima aliyeishika kazi hiyo tangu chama kinaanza.

"Mama, mwanachama mmoja aweza kuwa na mikopo mingapi kwa wakati mmoja?"

"Mmoja tu, mwanangu."

"Hata akipata msiba, akataka mkopo wa dharura?"

"Ah, wa dharura ni mbali. Huo aweza kuwa nao pamoja na ule wa maendeleo, mradi asiwe na deni la nyuma."

"Na kudhamini wenzake, adhamini wangapi?"

"Adhamini awatakao, ila akiba yake ambayo haijafungwa itoshe."

Katika maneno hayo machache umepata mambo manne. Kwanza, 0..1 uliyotaka kuiandika ilikuwa kosa. Pili, mikopo ina aina, na kanuni hutegemea aina, basi panahitajika klasi ya Aina ya Mkopo. Tatu, akiba ina sehemu iliyofungwa na sehemu iliyo huru, jambo ambalo hakuna fomu iliyolitaja. Nne, baina ya mdhamini na mkopo hapana mstari mtupu, bali kuna kitu chenye kiasi chake na tarehe yake, nacho ni Dhamana, kinachostahili mstatili wake mwenyewe. Lau ungaliandika msimbo kabla ya mazungumzo hayo, ungaliyajua haya siku mwanachama wa kwanza alipokataliwa haki yake kaunta.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nalikuta zaidi ya makosa yote: kumfanya Mdhamini, na Mkopaji, na Mjumbe wa Kamati kuwa watoto wa klasi ya Mwanachama, kila mmoja akirithi kwa mshale wenye pembetatu tupu. Mchoro huo hupendeza macho, na walimu wengine huusifu. Lakini tazama unavyovunjika. Mwanachama huyo huyo huchukua mkopo Januari, humdhamini mwenzake Machi, na Juni huchaguliwa kuingia katika kamati. Katika lugha kama Java obijekti haiwezi kubadili klasi yake ikiwa hai, kwa hiyo utalazimika kumwumba mtu mmoja mara tatu, na akibadili namba ya simu, moja itabadilika na mbili zitabaki na ya zamani. Kipimo changu ni hiki: jiulize kama kitu chaweza kuacha kuwa hivyo na kikabaki kuwa kile kile. Mwanachama aweza kuacha kuwa mdhamini na akabaki yeye. Basi udhamini ni nafasi aliyo nayo kwa muda, nao uchorwe kwa uhusiano. Mkopo wa dharura hauwezi kugeuka kuwa wa maendeleo. Hapo urithi una hoja, ingawa hata hapo sifa moja ya aina yaweza kutosha.

Mambo mengine ya kuangalia katika mchoro huu:

- Kiwango cha riba kisikae katika Aina ya Mkopo peke yake. Mkutano mkuu ukikibadilisha, mikopo yote ya zamani itabadilika nyuma ya pazia, na wanachama watadaiwa fedha wasizokubaliana nazo. Kinakiliwe ndani ya Mkopo siku unapotolewa.
- Fedha ziandikwe kwa senti zilizo namba nzima, au kwa aina ya desimali kamili ya lugha unayotumia. Namba za desimali za kawaida za kompyuta haziwezi kuishika 0.1 sawasawa, na katika marejesho maelfu upungufu huo hukusanyika.
- Sifa inayopatikana kwa hesabu, kama salio, itanguliwe na mkwaju: /salio. Alama hiyo ndogo humwambia mwandishi wa msimbo kwamba asiihifadhi pasipo kufikiri nini kitatokea hesabu zikitofautiana.
- Almasi iliyojazwa rangi itumike pale tu ambapo sehemu haina maisha nje ya mzima wake, kama ratiba ya marejesho ndani ya mkopo. Almasi tupu iache. Mabishano juu yake yamewapotezea watu wengi saa zao, na mstari wa kawaida hueleza vyema.

Maisha ya mkopo

Mchoro wa hali, kwa namna tuutumiavyo leo, chimbuko lake ni kazi ya David Harel, aliyeitangaza mwaka 1987 baada ya kuwasaidia wahandisi wa ndege waliokuwa wakieleza mwenendo wa mitambo yao kwa maneno mengi yasiyokutana. Nastaajabu kuona kwamba wanafunzi wetu huuruka mchoro huu mara nyingi kuliko wowote, ilhali katika mifumo ya fedha, ya hospitali na ya mahakama ndio wenye kuokoa zaidi.

Usiuchore kwa kila klasi. Uchore kwa kile kitu ambacho watu huuliza habari zake kwa kusema "kimefikia wapi?" Katika chama chetu hicho ni mkopo:

- Umeombwa
- Umedhaminiwa
- Umeidhinishwa, au umekataliwa
- Umetolewa
- Unalipwa, au umechelewa
- Umefungwa, au umefutwa

Kila hali ni mstatili wenye pembe za duara; mwanzo ni kitone cheusi, na mwisho ni kitone ndani ya duara. Juu ya kila mshale andika tukio, kisha sharti ndani ya mabano ya mraba, kisha tendo baada ya mkwaju. Mathalan, mshale unaotoka katika "unalipwa" kwenda "umefungwa" utasomeka hivi:

rejesho limepokelewa [salio = 0] / fungulia akiba za wadhamini

Baada ya kumaliza, usitosheke na kuutazama. Uchoree jedwali, hali zote kushoto, matukio yote juu, na ujaze kila chumba. Chumba kitakachobaki kitupu ni swali la kwenda kuulizwa. Mdhamini akijitoa baada ya mkopo kuidhinishwa lakini kabla fedha hazijatolewa, inakuwaje? Mkopaji akifariki mkopo ukiwa "umechelewa", je, mkopo hufutwa, hulipwa na bima, au hushukia wadhamini? Rejesho likiingia kwa mkopo uliokwisha kufungwa, fedha zinakwenda wapi? Chama chenye masharti yaliyoandikwa kwa uangalifu kitakuwa na majibu ya baadhi. Kwa mengine, kamati itakutana kwa mara ya kwanza kuyajadili kwa sababu ya jedwali lako, na hilo ni jambo jema, maana wanalijadili pasipo mtu aliye na machozi mbele yao.

Mfuatano wa malipo ya simu

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na huduma za namna yake zikaenea Tanzania na kwingineko, karibu kila mfumo wa fedha unaoandikwa kwetu hupokea malipo kwa simu, na karibu kila mwandishi mgeni hudhani kwamba malipo hayo ni swali na jibu, kama mtu anayeuliza saa. Chora mfuatano wake nawe utaona kwamba sivyo.

Weka juu ya karatasi washiriki wanne, kila mmoja na mstari wake uliokatika-katika unaoteremka: Mwanachama, Mfumo wa Chama, Kampuni ya Simu, na Mkopo. Mwanachama anaomba kulipa rejesho. Mfumo unapeleka ombi kwa kampuni ya simu, na kampuni inajibu mara moja. Lakini jibu hilo lasema tu kwamba ombi limepokelewa, halisemi kwamba fedha zimelipwa. Kisha kampuni inamtokezea mwanachama kwenye simu yake ili atie namba ya siri. Matokeo ya kweli huja baadaye, kwa njia nyingine kabisa, yakibisha hodi katika mlango ambao mfumo wako umeuacha wazi kwa ajili yake.

Sasa kwa kila mshale jiulize mambo matatu: usipofika je, ukifika mara mbili je, na ukifika umechelewa je?

- Usipofika: mwanachama amekatwa fedha, mfumo haujui. Basi panahitajika hali ya "inasubiri", na kazi ya kuiuliza kampuni ya simu baada ya muda.
- Ukifika mara mbili: rejesho moja litahesabiwa mawili, na salio litapungua kwa uongo. Basi namba ya muamala ihifadhiwe na isikubaliwe kurudiwa.
- Ukifika umechelewa: karani aliyeonyeshwa ujumbe wa simu ameshaingiza rejesho hilo kwa mkono. Basi hata kwa mkono namba ya muamala idaiwe, ili la pili likija litambuliwe.

Katika UML njia hizi zinazoachana huzungushiwa fremu yenye neno alt pembeni, na njia inayorudiwa fremu yenye neno loop. Chora njia njema kwanza, kisha mbaya tatu hizo. Usitie zaidi katika karatasi moja, kwani fremu ndani ya fremu ndani ya fremu haisomeki, na hapo msimbo wenyewe husomeka vizuri zaidi.

Makosa yanayorudiwa

- Kuchora baada ya msimbo kwisha, ili ripoti inenepe. Mtahini hulitambua hilo kwa swali moja: "Mchoro huu ulibadilisha uamuzi gani?"
- Kunakili majedwali ya hifadhidata na kuyaita mchoro wa klasi. Dalili yake ni sifa kama namba_ya_mwanachama ndani ya Mkopo, wakati mstari wa kwenda kwa Mwanachama upo na unasema jambo hilo hilo.
- Kujaza chumba cha matendo kwa kuweka na kusoma kila sifa. Andika matendo yenye maana kwa mwenye kazi: idhinisha, toa, pokea rejesho.
- Kugeuza mshale wa urithi. Pembetatu huelekea kwa mzazi daima.
- Majina mawili kwa kitu kimoja, "mteja" katika mchoro huu na "mwanachama" katika ule. Waandishi wawili wa msimbo wataandika klasi mbili, na hapo pana mushkili wa miezi.
- Karatasi moja yenye klasi sitini. Gawanya kwa mada: akiba peke yake, mikopo peke yake, uanachama peke yake.

Pingamizi ninazozisikia

*"Mabingwa wa siku hizi hawachori."* Wanachora, ila ubaoni, na wanafuta. Martin Fowler, katika kitabu chake kidogo juu ya UML kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997 na kufanyiwa matoleo mengine baadaye, ametenga matumizi matatu ya lugha hii: kama mchoro wa haraka wa kuelewana, kama ramani kamili ya kumkabidhi fundi, na kama lugha ya kuandikia programu yenyewe. Nawanasihi wengi wenu mshike la kwanza. La pili lina mahali pake katika mikataba ambayo wasanifu ni wengine na waandishi ni wengine. La tatu lahitaji zana za gharama na subira ambayo ofisi ndogo haina.

*"Mfumo wangu ni mdogo."* Kama wewe ndiwe mwandishi, ndiwe mtumiaji, na ndiwe mwenye fedha, usichore. Akiingia mtu wa pili, chora japo mchoro wa hali.

*"Mwenye kazi haelewi alama hizi."* Usimpe mchoro wa klasi autazame, hana haja nao. Mchukulie mfuatano na hali, umsomee kwa kidole kama hadithi, ukisema "hapa mkopo umeidhinishwa, hapa fedha zimetoka," naye atakukatiza mwenyewe mahali palipokosewa. Kimya chake ndicho cha kuogopwa. Akinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, rudi siku nyingine na mkopo wa kweli wa mwaka uliopita, umsomee huo.

*"Msimamizi anataka michoro yote 14."* Mtii, kwa kuwa shahada ni yako na amri ni yake, lakini anza na minne hii, uimalize kwa dhati, kisha iliyobaki uitoe humo humo kwa muda mfupi. Na ikiwa una njia ya kusema naye kwa adabu, mwonyeshe jedwali lako la hali lenye maswali yaliyojibiwa na kamati, pengine atakupunguzia.

Zana, na mahali pa kuuweka

Duru ya kwanza iwe karatasi na penseli, au ubao na chaki, kwa sababu mtu huona uchungu kufuta kile alichokipanga vizuri kwa kompyuta, na mchoro wa mwanzo sharti ufutwe. Ukishatulia, uandike kwa zana inayokubali maneno matupu, kama PlantUML, ambayo hailipiwi. Mistari miwili kama hii, ikiwekwa baina ya @startuml na @enduml, yatosha kuzaa mchoro:

Mwanachama "1" -- "0..*" Mkopo
Mkopo "1" *-- "1..*" Rejesho_la_Ratiba

Faida yake ni kwamba faili hilo ni maandishi, basi hukaa pamoja na msimbo ndani ya Git, na mwenzako akibadilisha tarakimu moja, badiliko huonekana, na aliyelifanya hujulikana. Wanaopendelea kuburuta kwa kipanya watumie draw.io, nayo haina gharama. Ila wasisahau kulihifadhi faili la asili, kwani picha peke yake haihaririki.

Mchoro wa matumizi na ule wa mfuatano yaweza kuachwa izeeke baada ya kazi kwisha. Ule wa klasi na ule wa hali ihuishwe: mkutano mkuu ukibadilisha kanuni, badilisha kwanza mchoro wa hali, upitie jedwali lake tena chumba kwa chumba, ndipo uuguse msimbo. Na pembeni mwa kila jibu ulilopewa andika cheo cha aliyekupa na tarehe aliyokupa, mathalan "mweka hazina, Machi 12: wa dharura huruhusiwa pamoja na wa maendeleo." Viongozi wa chama hubadilika kila uchaguzi, na mweka hazina mpya atakapokuja kusema kwamba kanuni haikuwa hivyo, mtafungua mchoro mbele yenu, mtasoma maandishi ya pembeni, na mazungumzo yenu yatakuwa juu ya kanuni ibaki au ibadilike, wala si juu ya nani aliyekosea kuandika.